Mwanangu, nenda nyuma kwenye masufuria

Mwanangu mpendwa,

Sasa umepanga Tabata, una mshahara wako na jumuiya yako mpya. Utasikia mahubiri mengi kuhusu unyenyekevu. Mimi nataka nikuandikie namna unavyofanywa, kwa mikono na kwa pesa.

Soma Yohana 13 taratibu. Bwana aliinuka chakulani, akavua vazi, akajifunga kitambaa, akatia maji kwenye bakuli, akaanza kuosha miguu ya wanafunzi. Yuda alikuwemo, naye hakurukwa. Luka 22 inaeleza kwamba kwenye karamu hiyohiyo walibishana nani kati yao ni mkubwa. Kazi ilikuwa mbele ya macho yao, na kila mmoja aliiona si ya kwake. Tafuta kazi ya namna hiyo, ile ambayo hajapangiwa mtu.

Hapo Dar utaikuta msibani. Chini ya turubai hakukosekani wa kushika daftari la rambirambi wala wa kushika kipaza sauti. Wewe pita nyuma, kwenye masufuria. Fika asubuhi mapema, na kanga ya kujifunga na kisu chako, maana visu vya msibani havitoshi. Kabla sufuria haijawekwa kwenye kuni, ipake nje sabuni ya kipande iliyolowana, au majivu yaliyokorogwa na maji. Masizi yatashika kwenye ule utando na jioni yatatoka bila shida. Isipopakwa, kuna mtu atasugua mpaka usiku, na mara nyingi ni dada wa kazi wa nyumba hiyo, ambaye hata pole hakuna aliyempa. Maji ya kuoshea yachotwe mapema pia; yakikatika mchana, vyombo vitalala vichafu na wafiwa ndio wataamka navyo. Wakati wa kula, pakulia wengine kwanza. Anayekula mwisho ndiye anayejua kama chakula kimewafikia na wale vijana waliokwenda kuchimba kaburi. Picha usipige.

Kwenye nyumba ya kupanga, jaribio kubwa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mnachanga sawasawa, lakini wewe una friji na pasi, na mama wa chumba cha pili ana taa moja na simu ya kuchaji. Hatasema, ataona haya, kisha atanuna, kisha mtaacha kusalimiana. Usimngoje alalamike. Mwambie, "Dada, mimi natumia zaidi, nitaongeza," na uongeze kila mwezi. Paulo aliposema kila mtu aangalie mambo ya wengine, mita ya umeme imo.

Pesa ya kuwasaidia watu itenge siku mshahara unapoingia, baada ya sadaka na kodi ya nyumba, kabla ya matumizi mengine. Ikiisha, sema kwa upole kwamba mwezi huu huna. Anayechukua mkopo wa simu ili achangie harusi asionekane hana, anajinunulia heshima, na riba yake italipwa na wadogo zake walioahidiwa ada. Anayekuomba akukope, mpe kiasi ambacho hata kisiporudi utaendelea kumsalimia kwa moyo mweupe.

Kuna kosa jingine linalofanana sana na wema. Petro alikataa kuoshwa miguu, na Bwana akamwambia asipomwosha hana sehemu pamoja naye. Ukiugua, waache wanajumuiya wakuletee uji na kukufulia. Anayetoa tu na hapokei anataka wenzake wabaki chini yake. Wala kujidharau usikuite unyenyekevu: ukisifiwa, sema asante uendelee na kazi. Na bosi akikuagiza uandike uongo, kataa. Kumtii hapo ni woga.

Utamkosea mtu, hilo halikwepeki. Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Kwa hiyo usingoje Jumapili. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Taja kosa lenyewe, useme "nisamehe", na neno "lakini" lisifuate. Kama ulimvunjia heshima mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu haohao. Akikataa, ondoka bila kununa, na kesho yake umwamkie kama kawaida.

Nakuombea kila siku.

Mama yako