Shukrani kwa dada wa kalamu nyekundu

Dada tuliyekutana kwenye foleni ya matatu pale Railways, Nairobi, popote ulipo, asante.

Nilikuwa nimeanguka OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, mara ya pili, na ni kuandika tu kulikoniangusha. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka B, ingawa kwenye kuandika C+ inatosha. Mimi nilipata C. Miaka 9 wodini, halafu barua ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari mwingine inanishinda!

Wewe, uliyekuja likizo kutoka huko huko, ulinipa Jumanne 3. Mkahawani Ngara, mimi nikitoka zamu ya usiku, ulichukua barua yangu ukaikata karibu nusu. "Daktari anayempokea mgonjwa ana haja gani na jino lililong'olewa 1998?" Kisha ukanipimia dakika 40 kwa simu, chai ikipoa. Nilinuna, nakiri. Pesa ulikataa, ukakubali mandazi mawili.

Matokeo yametoka: B. Sasa nasomea mtihani wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta.

Wauguzi mnaorudi likizo, mpeni mwenzenu hata saa moja. Nawe dada, namba yako haipatikani, na kalamu yako ninayo.