Barua kwa Rafiki Aliyekabidhiwa Jopo la Usaili

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na pongezi kwa kukabidhiwa uenyekiti wa jopo la usaili hapo kazini kwenu. Barua yako nimeisoma kwa makini, na kati ya maswali uliyoniuliza, moja limenishughulisha kuliko mengine: ikiwa mtihani mnaowapa waombaji kazi unatoa jibu sahihi kwa asilimia 80, je, ni halali kusema kwamba mwombaji aliyefaulu ana uwezekano wa asilimia 80 wa kuwa mfanyakazi anayefaa? Si halali, na pengo lililopo kati ya mambo hayo mawili huwashangaza hata watu walioajiri kwa miaka mingi.

Tufanye hesabu. Chukulia kwamba wameomba watu 100, na kwamba wanaoiweza kazi hiyo kwa kweli ni 10 tu. Mtihani utawatambua 8 kati ya hao 10, na 2 utawaangusha. Sasa watazame wale 90 wasioiweza: kwa kuwa mtihani hukosea kwa asilimia 20, watu 18 kati yao watapita bila kustahili. Waliofaulu kwa jumla ni 26, na wanaofaa miongoni mwao ni 8, kwa hiyo ukimchukua yeyote kati yao bila kipimo kingine, uwezekano wa kumpata anayefaa ni takriban asilimia 31. Hapo mtihani haukukudanganya, kwa sababu umekutoa kwenye asilimia 10 na kukufikisha kwenye 31, na hiyo ni faida kubwa. Kilichosahaulika ni hali ya kundi lenyewe kabla ya mtihani. Kama wanaofaa wangekuwa 50 kati ya 100, mtihani ule ule ungewapitisha 40 wanaofaa na 10 wasiofaa, na hapo ndipo ile asilimia 80 ingepatikana.

Kanuni ya hesabu ya namna hii huitwa kwa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza ambaye maandishi yake juu ya suala hili yalichapishwa mwaka 1763, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Kwa mwajiri, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuajiri hufanyika kabla mtu yeyote hajaketi mbele ya jopo. Mimi ningetumia muda mwingi zaidi kuandika tangazo la kazi linaloeleza wazi kazi yenyewe na ugumu wake, ili wasioiweza wajiondoe mapema, kuliko kuongeza maswali magumu kwenye mtihani.

Umenieleza pia kwamba mwenyekiti aliyekutangulia alijulikana kwa kumtambua mtu anayefaa ndani ya dakika chache, na kwamba wengi aliowachagua walifanya kazi vizuri. Sina sababu ya kumdharau, ila ushahidi wake una tundu kubwa. Aliwaona kazini wale aliowakubali peke yao. Aliowakataa walikwenda zao, na hakuna aliyefuatilia kuona wangapi kati yao wangeifanya kazi hiyo vizuri kuwashinda waliochukuliwa. Aidha, kama kundi lilikuwa zuri tangu mwanzo, hata kuchagua kwa bahati nasibu kungempatia sifa hiyo hiyo. Mtu anaweza kusaili kwa miaka mingi na kujiamini zaidi kila mwaka, wala asijifunze lolote, kwa kuwa makosa yake ya kuwakataa wanaofaa hayamrudii kamwe. Usaili wa namna hiyo hauko mbali sana na kupiga ramli, japo unafanyika ofisini.

Njia iliyo bora imejulikana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya katika jeshi la Israeli. Aliwataka wasaili waulize kuhusu sifa sita, moja baada ya nyingine, na watoe alama ya kila sifa kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Utaratibu huo ulitabiri utendaji wa askari vizuri kuliko ule wa awali, na hata maoni ya jumla ya msaili yalionekana kuwa na thamani, mradi yatolewe mwishoni baada ya alama zote. Nakushauri uige hilo: maswali yale yale kwa kila msailiwa, na kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya majadiliano. Wewe kama mwenyekiti usiwe wa kwanza kusema, kwani ukishatamka maoni yako, wajumbe watano hugeuka kuwa mjumbe mmoja mwenye sauti tano.

Jiandae vilevile kwa jambo ambalo Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza, alilionyesha mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: watoto wa wazazi warefu sana huwa warefu, lakini kwa wastani hawawafikii wazazi wao. Alama ya juu kabisa katika kundi kubwa nayo ina uwezo ndani yake, na pia ina bahati ya siku hiyo. Mshindi akianza kazi na kuonekana wa kawaida kidogo kuliko alivyokuwa kwenye usaili, msikimbilie kusema kwamba alidanganya au amebweteka.

Kuhusu hatari, usiishie kuuliza jambo baya lina uwezekano kiasi gani. Uliza pia likitokea litagharimu nini, na kama linaweza kurekebishwa. Kwa nafasi yenye kipindi cha majaribio na msimamizi wa karibu, mnaweza kumchukua mtu mwenye uwezekano wa asilimia 60 bila wasiwasi mwingi. Kwa nafasi ambayo kosa moja laweza kuondoa uhai wa mtu, hata asilimia 95 inaweza kuwa ndogo.

Halafu ratiba yenu, kwa kweli, ina matumaini mengi mno. Kama tangazo, mchujo, mtihani, usaili na kukubaliwa kwa barua ya ajira kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 90 wa kwenda kwa wakati, na hakuna kinachotegemea kingine, uwezekano wa vyote vitano kwenda kwa wakati ni kama asilimia 59.

Kabla ya kila uteuzi, andikeni kwenye daftari asilimia mnayompa mteule ya kuthibitishwa kazini, na msiifute baadaye. Kati ya watu mliowapa asilimia 70, tarajieni takriban watatu katika kila kumi washindwe, na msimlaumu mjumbe kwa mmoja wao. Kwa sasa niletee idadi ya walioajiriwa miaka ya karibuni na wangapi kati yao waliothibitishwa, bila majina, nami nitakusaidia kukadiria hali ya kundi lenu kabla hamjaanza mchujo.

Wasalaam,
Rafiki yako