Zamu zenye majina: barua kwa mwanangu, katibu wa klabu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, bibi yako goti limepoa na anakuombea dua. Barua yako imefika. Nimefurahi wamekuchagua katibu wa shughuli za jamii katika klabu yenu ya jogingi hapo Tabora. Umeniuliza jambo moja: wanaokimbia ni themanini, lakini ikifika siku ya usafi au ya kuwaona wagonjwa mnabaki wale wale watano. Nakujibu kwa urefu, kwa sababu hao watano wakichoka klabu nayo imekwisha.

Usiulize tena "nani atajitolea?" Swali likitupwa kwenye kundi la WhatsApp, anajibu yule anayejibu siku zote, wengine wanaweka dole gumba na kuendelea na mambo yao. Panga zamu. Huyo mgeni wenu wa Norway uliyemtaja kwenye barua amekueleza vizuri habari za dugnad ya vilabu vya kwao vya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao. Ni ujima kama wetu, kazi ya pamoja isiyo na malipo, ila kwao kila familia yenye mtoto klabuni inapewa zamu yake. Huyu atauza kahawa siku ya mashindano, yule atasimama kwenye theluji kuangalia kama kila mteremkaji amepita katikati ya milingoti, mwingine atashika saa mwisho wa njia. Hakuna anayesubiri kuombwa.

Fanya hivi. Gawa watu themanini katika vikundi vinane vya watu kumi, kila kikundi kishike shughuli za mwezi mmoja. Usiwaache wajichague, maana marafiki watajazana kundi moja na wageni, yaani wanachama wapya, watabaki peke yao. Kila kikundi kiwe na wazoefu wawili, na wageni wasizidi watatu. Kisha kila kazi iandikwe na jina, saa ya kuanza na saa ya kumaliza: "Juma, maji, madumu mawili ya lita 20, kufika saa kumi na mbili na robo, kumaliza saa mbili na nusu." Hiyo saa ya kumaliza usiisahau. Mtu anaogopa kazi asiyojua mwisho wake, lakini saa mbili za Jumamosi anazitoa. Asiyeweza zamu yake atafute mwenyewe wa kubadilishana naye, wewe akuletee jina tu. Alhamisi jioni mpigie simu kila mwenye zamu. Piga simu kwa sauti. Ujumbe wa maandishi unasomwa na kusahaulika.

Angalia pia saa mnayoondoka. Klabu nyingi za bara zimeiga ratiba ya Dar es Salaam, kuondoka saa kumi na mbili kamili. Dar iko mashariki, jua linawahi. Tabora mko mbali magharibi lakini saa ni ile ile ya taifa, kwa hiyo jua lenu linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kamili, kutegemea mwezi. Huku Kigoma ni kama robo saa baadaye. Mkiondoka saa kumi na mbili mnakimbia gizani: wazee wanajikwaa, dereva wa lori hawaoni, na kina mama hawatoki nyumbani. Hao mnaowakosa ndio wangefaa kwenye kazi za jamii. Ondokeni saa moja kasorobo. Waliotangulia na wanaofunga msafara wavae vizibao vinavyong'aa, na wa nyuma kabisa awe mkimbiaji mzuri mwenye subira, si yule aliyechoka.

Sasa damu, maana umesema mnataka kuanza na hiyo. Mna bahati kubwa: kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kipo hapo hapo Tabora, sisi wa Kigoma tumo ndani ya kanda hiyo. Andikeni barua wiki tatu kabla, mtaje idadi ya watu mnaowategemea, mahali, na jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu.

Kosa linalofanywa na vilabu vya mbio ni kukimbia kilomita kumi kwanza, kisha kupanga foleni ya kutoa damu. Mtu ametoka jasho, maji mwilini yamepungua, hajala tangu jana, halafu anatolewa mililita 450. Anaweza kuzirai, na akizirai mbele ya wageni kumi, wote kumi hawarudi tena. Kukimbia baada ya kutoa nako hakufai siku hiyo, hata kubeba mizigo mizito kwa mkono uliochomwa sindano hakufai. Siku ya damu iwe ya damu tu. Watu waje wamekula asubuhi hiyo na kunywa maji nusu lita. Chai iwe na sukari, na mkate au kiazi, kwa ajili ya baada ya kutoa. Na awepo mtu wa zamu atakayemkalisha kila aliyetoa kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kumruhusu aondoke.

Masharti wayajue mapema: umri miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, mwanaume baada ya kila miezi 3, mwanamke baada ya kila miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha hawatoi, na anayetumia dawa aseme kwa mhudumu. Wataalamu watampima presha na wingi wa damu kidoleni. Wakitumia ile chupa ya maji ya bluu, simama uone: tone likizama upesi, damu inatosha, likielea au likisitasita, huyo harudishwi nyumbani kwa ubaya, anaambiwa akale maharage, dagaa na mboga za majani, aje siku nyingine.

Hesabu vitanda. Mtu mmoja hukaa kitandani kama dakika 20 pamoja na kuandaliwa na kupumzika. Vitanda vinne vinahudumia watu kumi na wawili kwa saa, basi watu sitini ni saa tano. Ukiwaita wote saa mbili asubuhi, wa mwisho watasubiri hadi mchana na nusu yao wataondoka. Wape saa: kumi na wawili saa mbili, kumi na wawili saa tatu, na kuendelea.

Halafu msiwapeleke wote tarehe 14 Juni kwa sababu ni siku ya wachangia damu duniani. Chembe nyekundu huhifadhiwa takriban siku 35 tu, damu haiwekwi akiba ya mwaka kama mahindi. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa Juni na Desemba akiba hushuka. Na mvua zikikolea, malaria inapanda na watoto wadogo wanaohitaji kuongezwa damu wanakuwa wengi. Gawa klabu mafungu matatu: Desemba, Aprili, Agosti. Fungu la Desemba ndilo ulipiganie zaidi, japo watu wanawaza sikukuu na safari.

Jambo moja nakusisitiza kwa moyo wote. Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na kabla ya hapo mtu anaulizwa maswali ya siri. Usitengeneze orodha ya nani ametoa na nani amekataliwa, wala usiwapange waliotoa wapigwe picha huku wengine wakitazama. Aliyetoka chumbani bila plasta mkononi mpe kazi papo hapo, kumimina chai au kuandika majina ya zamu, wala usimuulize kitu. Ukikosea hapo umemvunjia mtu heshima yake, na kuirudisha ni kazi kubwa.

Kuwaona wagonjwa hospitali ya Kitete ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyofikiri, na ni rahisi pia kuharibu. Barua iende kwa Mganga Mfawidhi, kisha nenda mwenyewe umuulize muuguzi kiongozi wa wodi wanapungukiwa nini. Mara nyingi jibu si biskuti. Ni sabuni ya mche, pedi, mashuka, beseni. Mche mmoja ukatwe vipande kabla hamjaenda, ili kila mama wa wodi ya wazazi apate chake bila kugombania. Waingie watu wanane, wengine wabaki nje wakifagia uwanja. Chakula kilichopikwa msipeleke bila ruhusa, kuna wagonjwa wenye miiko ya daktari. Picha za wagonjwa na watoto, hapana.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi upo tayari kitaifa, ninyi chukueni mtaro mmoja na muumalize. Mwombeni mtendaji wa kata mapema awaambie gari la taka litapita saa ngapi. Uchafu uliotolewa mtaroni ukiachwa pembeni, mvua ya kwanza inaurudisha wote. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu 2019, tumieni viroba vya mchele mnavyoweza kumwaga na kuvitumia tena. Glovu za mpira ngumu, si zile nyembamba za hospitali, maana mtaroni kuna vioo na sindano.

Miti nayo ina hesabu yake. Tabora inajulikana kwa miembe, na kila klabu inataka kupanda mia mbili siku moja. Mche wa mwembe kiangazi cha kwanza unataka debe moja la maji kwa wiki, kuanzia Mei hadi Oktoba. Miti 20 ni lita 400 kila Jumamosi. Miti 200 ni lita 4,000. Nani atazibeba? Pandeni 20, karibu na bomba, mwezi wa Desemba udongo ukishalowa kina cha futi moja. Shimo liwe futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na nusu debe la samadi iliyooza, ndio urudi kwenye mizizi. Kiriba, kile kifuko cha mche, kichanwe kwa wembe na kitolewe chote. Kikiachwa, mizizi inazunguka humo humo na mti unadumaa. Nafasi kati ya mwembe na mwembe ni mita kumi. Na uzio wa matawi ya miiba siku hiyo hiyo, mbuzi hangoji kikao.

Watu hawaji kwa kazi tu, mwanangu. Wanakuja kwa sababu kuna kukaa pamoja. Kila miezi mitatu fanyeni bonanza: kuvuta kamba, mbio za magunia, netiboli, na chakula. Mkipita barabarani kwa wingi, taarifa kwa polisi inatakiwa si chini ya saa 48 kabla. Wewe peleka wiki nzima kabla, upate na askari wa usalama barabarani. Uji kwanza: kilo moja ya unga kwa lita kumi za maji inatoa vikombe thelathini. Pilau kilo moja ya mchele hula watu saba waliokimbia, kwa hiyo watu themanini ni kilo 12, na nyama kilo 6. Sufuria kubwa mtaazima. Andika ya nani na mwenye zamu ya kuirudisha, ikiwa imesuguliwa, kabla ya magharibi.

Kwenye bonanza hilo wekeni soko la raba. Hili nalo liko kwenye vilabu vya skii: watoto wanakua, viatu na mbao za kutelezea vinawabana, basi kabla ya majira ya baridi familia zinauziana na kubadilishana vya zamani. Kwenu raba za watoto zinabana baada ya miezi michache. Kila jozi ifungwe kwa kamba zake, iwe na kikaratasi cha namba ya kiatu, bei na jina la mwenyewe, na klabu ibakize asilimia kumi. Mtoto apimwe akiwa amesimama, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Soli iliyokwisha upande mmoja isiuzwe, inaumiza goti.

Mwisho ni fedha. Mfuko wa faraja na mfuko wa shughuli visikae daftari moja. Kiasi cha msiba wa mzazi, mwenza au mtoto kiandikwe kwenye katiba, kiwe sawa kwa wote. Mkichanga kwa kuangalia nani maarufu, mwenye bodaboda atafiwa na mama yake apate elfu ishirini, mwalimu apate laki tatu, na yule hatarudi, wala rafiki zake. Baada ya kila shughuli, mapato na matumizi yabandikwe kwenye kundi ndani ya siku mbili pamoja na picha za risiti, hata kama kilichobaki ni shilingi mia tano.

Kituo kikikujibu tarehe ya Desemba, niandikie idadi ya vitanda watakavyoleta, nikusaidie kupanga saa za watu na sukari ya chai.

Mama yako