Kitindamlo cha boga, Jumamosi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Wageni wetu wa Jumamosi watakula kile kitindamlo cha boga cha matabaka, kama Wamarekani wanavyokula msimu wa majani kupukutika, Septemba hadi Novemba, maboga yanapovunwa kwao. Hakihitaji oveni, jambo ambalo kwa majiko yetu ni nafuu kubwa.

Kazi yenyewe iko kwenye boga. Anayepita Mbuyuni achague lililo zito, kikonyo kikavu, nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea. Lipikwe kwa mvuke. Likichemshwa kwenye maji mengi linakuwa rojorojo na tabaka halishiki. Likishapondwa lirudi kwenye moto mdogo, koroga mpaka mwiko ukipita unaona chini ya sufuria. Hapo tia sukari, mdalasini, tangawizi, na kungumanga kidogo sana jamani, si kijiko kizima.

Chini zinakaa biskuti zilizopondwa na siagi ya kuyeyusha, zishindiliwe kwa kitako cha glasi. Juu yake mtindi uliochujwa kwenye kitambaa usiku kucha, ukatiwa sukari. Jibini laini ya dukani kwa bei ile mimi sioni sababu. Kisha boga, likiwa limepoa kabisa, na krimu mwisho.

Tupange Ijumaa jioni kilale kwenye friji. Nani ana mabakuli makubwa ya kioo? Ya plastiki hapana, matabaka lazima yaonekane. Karanga msiweke, kuna mgeni zinamdhuru.