Barua kwa mwanangu: ukiambiwa upimwe ndani

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila mvua inatusumbua na karafuu zetu majamvini.

Juzi kwenye simu ulikuwa unanong'ona, wenzio wa dakhalia wako karibu. Lakini nimekufahamu. Nesi kakwambia hilo tumbo linalokukata kila ukiingia mwezini lichunguzwe, nawe unaogopa utatoka spitali si mwari tena.

Si kweli, mama. Daktari hamtoi mtu bikira. Watu wanakisema kizinda kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, kumbe ni kinyama chembamba mlangoni mwa uke, na kwa kawaida kina uwazi tangu mtoto anazaliwa. Kingekuwa kimeziba, hedhi yako ingepita wapi? (Wapo wachache waliozaliwa nacho kimeziba, hao huumwa sana, na daktari huwafungulia.) Cha huyu kipana, cha yule ni ukingo tu, na kinavutika. Ndiyo maana wanawake wengi hawatoki damu usiku wa kwanza, na wengine hutoka kwa sababu ya ukavu na pupa za mume. Hicho kisarawanda, kitambaa cheupe cha kuonyeshea damu ya usiku huo, wanachokisifu wazee kimewaliza wanawali wengi wasio na kosa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitamka kwamba hakuna uchunguzi unaoweza kuthibitisha kama mwanamke kaingiliwa au hajaingiliwa, na wakataka kupima bikira kukomeshwe.

Sasa kupimwa kwenyewe. Mwambie daktari bila ya haya kwamba hujaolewa na hujalala na mwanamme. Si kwa kuwa atakulaumu, bali atajua aanze wapi. Mara nyingi kwa msichana kama wewe huanza kwa maswali, kisha kipimo cha picha juu ya tumbo, na utaambiwa unywe maji mengi kibofu kijae. Huenda ikaishia hapo. Ikibidi kuangaliwa ndani, utalala chali, magoti juu, umejifunika kanga. Huingizwa chombo kidogo kinachofungua njia ili mlango wa kizazi uonekane. Kipo cha saizi ndogo. Halafu vidole vyenye glovu, mkono wa pili ukibonyeza tumbo, kutafuta uvimbe. Ni dakika chache tu. Utajihisi vibaya, lakini maumivu makali si kawaida: ukiyapata sema, na ukisema basi, lazima aache. Omba daktari mwanamke, na nesi wa kike asitoke chumbani. Akikosekana mwanamke na maradhi ni ya kweli, dini yetu haikufunga mlango wa dharura. Na muulize kila hatua anatafuta nini.

Mimi hupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Wanapaka siki, ndiyo, siki, na penye hitilafu hubadilika pakawa peupe. Kwa wanawake wengi kipimo hicho huanza kwenye miaka 30, kwa hiyo wewe bado. Ile sindano ya skuli ya kukinga saratani hii, ambayo mtaani walisema inaua kizazi, haiui kizazi cha mtu.

Limebaki la shangazi yako. Kasema kabla ya kuja posa upelekwe kwa somo, yaani kungwi, "ukatazamwe" kama ni bikira. Hutatazamwa. Ataona nini, na kizinda hakisemi kitu? Nimemsomea Suratun Nur, aya ya 4: anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi asilete mashahidi wanne, apigwe mijeledi 80. Kanyamaza, lakini namjua, atarudi tena. Akikupigia simu, mwambie aseme na mimi.

Nimekutumia pesa ya daktari na ya daladala. Nenda wiki hii, na uandike tarehe za hedhi zako za miezi mitatu iliyopita, watakuuliza.

Mama yako