Nyota ya kioo cha rangi kwa ajili ya Krismasi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Nyota uliyoniulizia haina maajabu, ila inataka vipimo. Vipande vya madirisha ya makanisa makubwa, kama la Chartres kule Ufaransa, hushikwa na mikanda ya madini ya risasi yenye mifereji. Kwa pambo dogo mikanda hiyo ni minene mno. Wewe tumia utepe wa shaba, njia iliyovuma kwa taa za Louis Comfort Tiffany wa New York.

Nyota ni rombasi sita, yaani vipande vya pande nne zilizo sawa, zenye ncha ya nyuzi 60. Kata kioo cha mm 3 kiwe ukanda wa sm 2.5, kisha piga mistari ya mshazari ya nyuzi 60, nayo ipishane sm 2.5. Nafasi hiyo ipime kwa pembe mraba toka mstari hadi mstari. Ukipima kwa kufuata ukingo, pande hazitalingana na nyota itakwenda kombo. Toka ncha hadi ncha utapata mara nne ya upana wa ukanda, yaani sm 10. Zaidi ya hapo tawi la mti wa Krismasi litainama.

Gurudumu la kikatio lichovye mafuta ya taa, ulipitishe mara moja tu, ukingo hadi ukingo. Ukirudia mstari, kioo kitavunjika kinavyotaka chenyewe. Saga makali kwa jiwe lililolowa, vumbi lisiruke, kisha panga vyote sita kabla ya kugusa utepe. Kila ncha ikizidi nyuzi moja tu, zinakuwa sita ukifika mwisho, na kipande cha mwisho hakiingii.

Futa kioo kwa spiriti. Mafuta ya vidole ndiyo hubandua utepe ukipata joto. Utepe wa mm 5.6 uzungushe kioo kikiwa katikati, kila upande ubaki mm 1.3, halafu usugue kwa kijiti.

Paka fluksi, ile dawa ya kuifanya lehemu ishike, shikiza viungo kwa matone ya lehemu, ndipo uvijaze. Chuma cha kulehemu kisikawie mahali pamoja, kioo kitapasuka. Lehemu ya kawaida ina bati 60 kwa risasi 40, na risasi ni sumu, kwa hiyo fungua madirisha, usile ukiwa kazini, na unawe. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo nunua isiyo na risasi, hata kama ni ghali na inataka joto zaidi.

Kitanzi cha kutundikia ndicho huangusha nyota nyingi. Ukikichomea juu ya ncha kitashika utepe peke yake, nao utabanduka. Viungo vinaishia kwenye mabonde kati ya ncha, basi zungusha waya wa shaba juu ya ncha, ushuke kando zote mbili mpaka mabondeni, ulehemu humo.

Ioshe siku hiyo hiyo kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Fluksi ikilala, itatoa ukoga mweupe na wa kijani.

Mama yako