Kumbi za muziki zilindwe zingali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wapenzi wa muziki tunaosafiri kutafuta chimbuko la nyimbo tulizokua nazo. Mara nyingi tunafika na kukuta kibao tu ukutani. Ukumbi wenyewe ulishavunjwa.

Klabu ya muziki ya Cavern, mjini Liverpool, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1957 katika ghala la chini ya ardhi, na bendi ya Beatles ilipiga humo karibu mara 300. Mwaka 1973 ikafungwa kupisha kazi za reli, ikafukiwa. Mwaka 1984 ikajengwa upya kwa sehemu ya matofali yaleyale. Memphis, Marekani, nao waliibomoa studio ya muziki wa soul ya Stax mwaka 1989, kisha mwaka 2003 wakafungua makumbusho mahali palepale, katika jengo lililojengwa kuiga lile la awali. Linaloniuma zaidi ni la New Orleans, pia Marekani: nyumba ya utotoni ya gwiji wa jazi Louis Armstrong ilivunjwa mwaka 1964, mwenyewe angali hai na tarumbeta yake mkononi.

Mji huohuo, hata hivyo, una Preservation Hall, inayopiga jazi tangu 1961. Ni chumba kidogo chenye kuta zilizochujuka, hakina baa, na wasikilizaji hubanana kwenye mabenchi ya mbao au huketi sakafuni. Anayekaa mbele yuko hatua chache tu kutoka kwa mpiga tromboni. Anamwona akivuta pumzi kabla sauti haijatoka. Urithi wa namna hiyo hauwekwi kwenye kabati la kioo.

Kumbi ndogo nyingi huponzwa na jirani mpya. Ghorofa za kuishi hujengwa ubavuni mwa ukumbi wa miaka mingi, wapangaji wanahamia, halafu wanalalamikia kelele. Jimbo la Victoria, Australia, liliamua mwaka 2014 kwamba anayekuja nyuma ndiye agharamie kuzuia sauti. Uingereza ikaweka kanuni kama hiyo mwaka 2018. Huo ni uungwana, na halmashauri za miji zinazojinadi kwa muziki wao hazina sababu ya kutoiga.

Nasi wageni tuna wajibu. Baada ya kuzunguka makumbusho mchana kutwa, usiku tuingie ukumbini, tulipe kiingilio, na bendi ikimaliza tununue santuri mikononi mwa wanamuziki wenyewe.

Wako,
Msomaji mpenda muziki